Jino la Leland, Tumbaku ya Verdena

Verdena Jim hakupendwa na watu, wala hakuwaomba wampende. Tangu mumewe alipoondoka na mwanamke wa mji wa Winnemucca, alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho kijijini, ile yenye friji bovu barazani, na kila asubuhi alikwenda mjini kufua mashuka ya hoteli ya wasafiri kando ya barabara kuu. Huko alishawahi kumfuata mgeni mpaka kwenye gari lake na kumtupia taulo lililojaa matope usoni. Watoto walimwita Nyigu. Watu wazima nao walimwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Lakini mtoto akilia sikio usiku kucha, mama yake alijua pa kumpeleka. Verdena alikuwa na tumbaku ya mbweha.

Si ile ya dukani. Hii huota yenyewe, majani yake yananata vidoleni na kunuka vibaya, na maua yake ni meupe, membamba kama tarumbeta, yanafunguka jua likizama. Moshi wake hupulizwa polepole ndani ya sikio linalouma. Majani yake yakipondwa na kulowekwa hufungwa kwenye goti lililovimba. Yakichanganywa na majivu kidogo huwekwa juu ya jino. Aliyekatwa na waya wa senyenge hunyunyiziwa unga wake. Hata aliyefiwa hupewa, ili aivute na kumsemesha maiti wake maneno ya mwisho. Zamani kila ukoo wa Wapaiute, wenyeji wa asili wa bonde lile huko Nevada, Marekani, ulikuwa na pake pa kuichuma. Sasa pamebaki mahali pamoja tu, mteremkoni, nyuma ya zizi la zamani la ng'ombe, napo pana mwenyewe. Mama yake Verdena, marehemu Inez, aliparithi kwa shangazi yake, akamwachia binti.

Dawa hiyo ina adabu yake. Mwenye maumivu huja mwenyewe kwa miguu yake, akasema kinachomuuma na alichokuja kuomba. Akishasema, hanyimwi, hata kama jana alikutukana. Na haulizwi atatoa nini. Inez alikuwa akisema tumbaku ikisikia bei inaziba masikio, inabaki jani kama majani mengine.

Na mmea wenyewe una tabia yake. Hauoti bila moto. Mbegu zake hulala chini, ndogo kama vumbi, zikingoja harufu ya moshi, na zinaweza kungoja miaka mia. Mbegu haina haraka. Wanaokufa ni watu. Kwa hiyo kila mwaka, mbegu za misonobari zikishavunwa na kukaangwa, Inez alipanda mteremkoni na kuchoma kipande. Kabla ya kuwasha alilisha ardhi kiganja cha majani ya zamani, ili ya kale yaite mapya. Mwaka uliofuata tumbaku ilichomoza majivuni. Verdena naye akafanya hivyo, hadi siku kaka yake alipomkomesha.

Leland Jim, mdogo wa Verdena aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kijiji. Sheria ilikuwa imetoka kwamba hakuna kuwasha moto nje bila kibali, na kibali cha kuchoma mteremko kwa ajili ya tumbaku hakuna aliyewahi kukipata. Sheria hiyo waliitunga watu waliokaa kwenye viyoyozi, ambao hawajawahi kuona kitu chema kikitoka majivuni, na mababu wa Verdena walikuwa wakichoma bonde hili kabla babu zao hao hawajajua bahari ina ng'ambo. Huo ndio ukweli, na mtu asione haya kuusema. Lakini Leland alikuwa na ukweli wake pia. Alishawahi kumvuta kijana wa kikosi chake kutoka kwenye korongo linalowaka, na kile alichokivuta hakikuwa na uso.

Basi siku ile aliona moshi, akaja na gari jekundu, akamwaga povu jeupe juu ya mteremko wote huku dada yake akimpiga ngumi mgongoni. Kisha akampeleka polisi mwenyewe.

"Sheria haina dada," alimwambia alipomshusha.

"Na mimi sina kaka," alijibu Verdena, na tangu hapo hawakusalimiana.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Watu wa kijiji kile walishika majembe, wakalima, wakavuna, wakarudi, wakaukuta ugomvi uko pale pale. Ukapita mwaka, na mwingine, na mwingine. Mteremkoni nyasi za kigeni zilijaa, zile zinazokauka mapema na kuchoma soksi, na vichaka vya kijivu vikafunga njia. Tumbaku ilipungua hadi ikabaki miche michache upande wa mawe, halafu haikubaki hata mmoja. Verdena alibakiwa na kiganja kimoja ndani ya kopo la hamira. Hicho alikuwa amekiweka kwa kazi moja tu: kulisha ardhi siku atakayochoma tena.

Ndipo jino la Leland likaanza.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, upepo wa moto, siku ambazo cheche ya breki tu inaweza kuteketeza kata nzima. Daktari wa meno huja kliniki mara moja kwa mwezi, naye alikuwa ameshapita. Kwenye mji mkubwa kuna wengine, lakini ni safari ya nusu siku, na Leland hakutaka kuliacha gari la moto hali ya hewa ikiwa vile. Alitafuna vidonge kama karanga. Havikusaidia.

Aliyetangulia kubisha alikuwa mkewe, Ardith.

"Wifi, hodi. Kaka yako anaumwa jino, hajalala."

"Sina kaka."

"Basi mume wangu."

"Mumeo ana miguu?"

"Anayo."

"Basi imlete. Wewe jino lako haliumi, umekuja kunionyesha la nani?"

Ardith aliondoka akibwata njia nzima. Jioni Leland akaja mwenyewe. Shavu lilikuwa limejaa, jicho moja limefinyika. Alisimama barazani karibu na friji bovu, kofia mkononi.

"Sema," Verdena alimwambia kutoka kwenye kiti.

"Si unaona mwenyewe?"

"Naona shavu. Sijui umeficha jino humo au yai la bata."

"Verdena, usinitese."

"Sema kama tulivyofundishwa."

Leland alitazama chini. "Jino linaniuma," akasema. "Nimekuja kuomba tumbaku."

Alikuwa ameomba, tena ameomba sawasawa. Hapo Verdena alipaswa kuinuka, kufungua kopo na kunyamaza. Mguu mmoja ulishainuka. Lakini macho yake yalikwenda kwenye lile kopo juu ya kabati, akakumbuka povu jeupe likitiririka juu ya majani, na mguu ukarudi chini.

"Nitakupa," akasema. "Ila utachoma mteremko. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, baada ya mavuno."

Leland alimtazama kwa jicho lake moja zima.

"Unaniwekea sharti? Kwenye dawa?"

"Nakuwekea."

"Mama angekusikia..."

"Mama angekuona wewe na gari lako siku ile! Unataka au hutaki? Ukitaka, ahidi. Hutaki, nenda katafune vidonge."

Maumivu hayana heshima. Leland aliahidi. Verdena alifungua kopo, akaponda majani kwa majivu, akatema mate kidogo, akamshindilia kidonge kile juu ya jino bila huruma hata chembe. Kisha, kwa sababu alijua kitahitaji kubadilishwa hadi asubuhi, alimpa chote kilichobaki. Kopo likabaki tupu. Moyoni alisema si kitu; mteremko ukichomwa na mkono wa sheria yenyewe, hata ardhi itasamehe kutolishwa.

Leland alilala usiku ule. Alipoamka uso ulikuwa kama boga, mwili unatetemeka kwa homa. Ardith alimpakia garini, akamkimbiza mji mkubwa, huko wakamng'oa jino, wakamkamua usaha, wakamlaza. Daktari alisema usaha ule ulikuwa umejikusanya tangu zamani na hakuna wa kulaumiwa.

Kijiji kilikuwa na daktari wake. Ardith aliporudi tu, kila nyumba ikajua: Verdena ameiwekea tumbaku bei, tumbaku imeziba masikio.

Na hapa mtu hawezi kuacha kukasirika. Watu ambao hawakuinua hata kijiti siku mteremko unamwagiwa povu. Watu waliokaa miaka yote ile wakiangalia tumbaku ya mama zao ikifa, wakibadilisha chaneli. Leo wote wakageuka mawakili wa tumbaku. Mzee na kijana wakawa na habari za adabu. Dukani, Clifton Dave, mwimbaji wa mchezo wa mifupa na mdomo mkubwa kuliko ngoma yake, alimngojea mpaka pajae watu.

"Dada Verdena, samahani. Kuuliza si ujinga. Mgongo wangu unauma. Siku hizi bei gani? Nichome nyumba yangu au ya jirani?"

Duka zima lilicheka. Verdena aliweka mkebe wa kahawa juu ya kaunta kwa kishindo.

"Wewe Clifton, ningekuambia uchome ulimi wako, ila mvua ya mwaka mzima isingeuzima."

Walicheka tena, lakini kicheko hicho hakikumsindikiza nyumbani. Kilichomuuma kilikuja siku chache baadaye. Mama mmoja kijana, binti wa binamu yake, alipita mbele ya nyumba amembeba mtoto aliyeshika sikio na kulia. Verdena alisimama mlangoni. Hakuwa na jani hata moja la kumpa, hilo alilijua. Lakini yule mama hakulijua, na bado alipita. Alitazama mbele, akakaza mwendo, kama apitaye mbwa.

Verdena alirudi ndani, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Angeweza kupigana na sheria. Angeweza kupigana na Leland na Ardith na mbweha wote wa Nevada. Lakini hili lilikuwa kosa lake mwenyewe, amelifanya kwa kinywa chake, na hakuna wa kumpiga ngumi mgongoni. Na alijua dawa yake. Aliyemfunga mtu kwa dawa humfungua mbele ya watu, akimtaja jina; na haruhusiwi kuongeza kitu, si udhuru wala pole, maana ukiongeza unafunga upya.

Kumfungua Leland ni kuupoteza mteremko. Ahadi ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho.

Jumamosi kulikuwa na mchezo wa mifupa ukumbini. Pande mbili zimeketi zikitazamana, mifupa inafichwa viganjani ili upande wa pili ubahatishe iliko, nyimbo zinapigwa kwa vijiti, mchuzi wa sungura unachemka na mikate ya kukaanga imerundikwa mezani. Verdena aliingia mchana, katikati ya wimbo wa Clifton. Wimbo ukafa wenyewe.

Leland alikuwa upande wa kushoto, shavu limepungua, mifupa miwili mkononi.

"Leland Jim," alisema Verdena. "Nilikuwekea sharti kwenye dawa. Nakufungua."

Mchuzi ukachemka.

"Hivyo tu?" Ardith alidakia. "Mtu amelazwa, amekaribia kufa, hata pole hakuna? Kweli wewe wifi umeumbwa na mawe."

Verdena aliuma meno. Waliomtazama walisema mishipa ya shingo ilimsimama kama kamba. Aligeuka, akapita katikati ya watu, akavuka kizingiti. Alipokuwa na miguu yote miwili nje, ndipo alipogeuka.

"Na shavu lako lilikupendeza lilivyokuwa! Angalau lilikuwa na kitu ndani!"

Clifton alikuwa wa kwanza kucheka. Leland hakucheka. Alimfuata hadi mlangoni.

"Sikiliza. Nimefunguliwa, sawa. Basi mteremko hauchomwi. Nisione moshi."

"Sijakuuliza," alisema Verdena.

Mavuno ya misonobari yalipita, usiku ukaanza kuwa na baridi ya kuuma. Kila alipotoka kufua mashuka, Verdena alipanda mteremkoni na jembe. Alifyeka ukingo, akaukwangua hadi udongo mtupu, upana wa mtu kulala, kuzunguka kipande chote. Alifanya hivyo mchana kweupe, kila apitaye akimwona. Hakuwa na jani la kulisha ardhi, hakuwa na ahadi ya mtu, na alijua kwamba safari hii hawatamlaza polisi siku mbili tu. Akapanga likizo na meneja wa hoteli, akamwambia, "Huenda nikachelewa kurudi." Yule meneja akamwuliza anakwenda wapi. "Jela," akasema, na meneja akadhani ni mzaha.

Asubuhi aliyoichagua kulikuwa na umande ulioganda na upepo mdogo. Aliwasha kiberiti upande wa chini. Nyasi za kigeni zilishika mara moja, zikalia kama mafuta kwenye kikaango.

Gari jekundu lilikuja kabla kipande hakijafika nusu. Leland aliruka chini, vijana wake wawili nyuma yake wakivuta bomba. Verdena alichukua jembe kwa mikono miwili, akasimama kati yao na moto.

"Njoo," akasema. "Safari hii sitakupiga mgongoni."

Leland hakumtazama. Alikuwa akitazama moshi, jinsi unavyoinama. Akatazama ukingo uliokwanguliwa, akautembezea macho wote, mpaka kwenye mawe.

"Unachoma ukianzia chini?" akasema. "Una wazimu? Moto unapanda mbio, utaruka ukingo!"

"Mama alianzia chini."

"Mama alianzia juu! Ili ushuke polepole!"

"Chini! Wewe ulikuwa umekaa pale unakula mbegu, utajua nini?"

"Nilikuwa nabeba maji, mwongo mkubwa wewe!"

"Mkuu," kijana mmoja aliita, "tuzime?"

Leland alifungua mdomo. Kijana alisubiri, mkono kwenye bomba. Moto ulikuwa ukipanda kama alivyosema, na vijana wote wawili walikuwa wakimtazama, na dada yake pia, jembe juu. Hakuna aliyemshika. Ahadi ilikwisha kufunguliwa mbele ya kijiji kizima.

"Nani kasema mzime?" alifoka. "Lowesheni ukingo wa juu! Ukingo, nimesema, si moto!"

Kisha akamnyang'anya Verdena jembe, kwa nguvu, nusura amwangushe, akapanda upande wa juu mbio na kuwasha moto mwingine uushukie ule wa chini. Mioto miwili ikakutana katikati, ikainuka pamoja, ikalala. Walikuwa bado wanatukanana.

"Umeilisha ardhi?" aliuliza Leland, akikohoa.

"Kwa kitu gani? Tumbaku yote iliishia shavuni mwako."

Leland alijipapasa mfukoni, akatoa pakiti ya sigara. Akazichana moja moja, akarusha tumbaku kwenye majivu ya moto.

"Takataka ya dukani," alisema Verdena.

"Ndiyo niliyo nayo. Isipoipenda itapike."

Walisimama hadi pakawa peusi pote. Vijana walimwaga maji palipobaki cheche. Kisha Leland akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Panda garini."

"Twende wapi?"

"Polisi. Umewasha moto bila kibali."

"Na wewe uliyewasha juu?"

"Mimi nilikuja kuuzima. Nimeuzima."

Verdena alipanda, akakaa kiti cha mbele. Leland alimwambia akae nyuma. Hakuhama.

Alikaa ndani hadi theluji ya kwanza ikayeyuka. Leland naye aliitwa na baraza la kijiji; mmoja wa wale vijana alikuwa amesema alichokiona. Wakamvua ukuu wa kikosi, funguo za gari akazirudisha mezani. Hakujitetea. Alirudi nyumbani akamwambia Ardith kwamba yote ni kazi ya yule mwanamke, na tangu hapo akamchukia Verdena kuliko alivyomchukia kabla.

Mwezi wa tano mteremko ulichomoza. Haukuchomoza mche mmoja mmoja. Ulijaa, ukafunika weusi wote, majani yananata, yananuka, mazuri. Watu walianza kupita barabara ya zizi bila sababu. Clifton Dave alikuja na mgongo wake, akasema kinachomuuma na alichokuja kuomba, bila mzaha, na Verdena akamwambia angoje kiangazi kama watu wengine.

Kazi ya kiangazi ni kupogoa maua, ili nguvu iende majanini, na kuacha machache ya mbegu. Verdena alikuwa akipogoa jioni, akitoka hotelini. Siku moja alikuta mimea ya upande wa mawe imeshapogolewa. Siku ya pili, imemwagiwa maji, na nyayo za buti za kikosi zimejaa kila mahali. Mtu asiye na gari wala kazi alikuwa akija asubuhi.

Aliendelea kupogoa. Lakini alipofika kwenye ile miche aliyoiacha kwa mbegu, iliyo mirefu kuliko yote, ambayo aliifunga nyuzi nyekundu ili kipofu tu ndiye asiione, alikuta maua yake yote yamekatwa na kupangwa vizuri juu ya jiwe.

Alisimama akageukia kijiji, akaweka mikono mdomoni.

"Leland! We Leland! Nani kakuambia uguse za mbegu?"

Ilichukua muda. Kisha kutoka barazani kule chini ikaja sauti ya mwanamume, hafifu lakini yenye hasira ya kutosha.

"Mama alikuwa anaacha za upande wa jua!"

"Za kivuli!" alipiga kelele Verdena. "Za kivuli, punda wewe!"

Akainama, akaanza kutafuta mche mwingine wa kuufunga uzi.